Maswali mnayoniuliza kuhusu programu za likizo za uandishi wa habari

Watoto wa mtaani kwetu Ujiji, Kigoma, wananiita "dada Marekani", jina kubwa mno kwa mtu aliyekaa huko wiki nne. Juni 2025, nikitoka kidato cha tano kuingia cha sita, nilipata ufadhili wa kwenda kujifunza uandishi wa habari kwenye chuo kikuu kimoja cha Marekani, wakati wanafunzi wake wenyewe wako likizo. Tangu nirudi maswali hayaishi. Wanauliza wanafunzi, wanauliza wazazi, na kuna dereva wa bajaji aliyenisikiliza nikiongea na simu kutoka Mwanga hadi nyumbani, naye akawa na la kwake. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu hayana zaidi ya hapo.

Hizi programu ni kitu gani hasa?

Kuanzia Juni hadi Agosti vyuo vya Marekani huwa kwenye likizo ndefu ya kiangazi. Mabweni na madarasa yakiwa matupu, baadhi ya vyuo hupokea wanafunzi wa sekondari kwa wiki mbili, nne au zaidi, wakafundishwa fani moja: hesabu, tiba, sanaa, au kama mimi, habari. Asubuhi mnakaa darasani, mchana mnatumwa nje mkatafute habari, jioni mnaandika, na usiku mhariri anawarudishia kazi ikiwa imejaa wino mwekundu.

Hupati shahada, wala cheti cha kuombea kazi. Nasema mapema kwa sababu baba mmoja aliniuliza mshahara wa kuanzia.

Naweza kwenda Marekani mwaka ujao?

Mlango umebana. Kuanzia Januari 2026 Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa, kwa sehemu, kupata viza, zikiwemo za matembezi, masomo na mabadilishano ya wanafunzi. Mimi niliwahi. Masharti ya namna hii hubadilika, kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, soma tovuti ya ubalozi wenyewe, usitegemee sauti iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya ukurasa huu naongelea vitu unavyoweza kufanya ukiwa hapa hapa mwisho wa reli.

Kwa hiyo ya mtandaoni inafaa, au ni ya kujifariji?

Inafaa, kwa sharti moja: kuwe na mhariri wa kweli anayesoma kazi yako na kuirudisha. Programu ya mtandaoni ambayo ni video za kutazama tu, hata kama ni ya bure, itakumalizia bando. Uliza kabla ya kuomba: nitaandika habari ngapi, na nani atazisoma? Wakikwepa swali, wamekujibu.

Jambo la pili ni saa. Darasa linaloanza saa nane mchana kwao, upande wa mashariki ya Marekani, kwetu Juni ni saa tatu usiku. Ongea na wazazi mapema, maana watakukuta macho makavu saa sita ukiongea Kiingereza na ukuta.

Nimesoma kuna programu ya Princeton ya bure kabisa. Mbona husemi?

Ipo kweli. Ilianzishwa 2002, haina ada, na inalenga wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo wanaosoma sekondari huko huko Marekani. Mwanafunzi wa Kasulu hahusiki nayo. Vivyo hivyo ile ya shule ya Medill, Chuo Kikuu cha Northwestern, ni kongwe, ipo tangu miaka ya 1930, lakini ni ya kulipia na msaada wa fedha hupewa baadhi tu. Somo lake: soma kipengele cha "nani anaruhusiwa kuomba" kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nilipoteza jioni tatu nikiandika insha ya programu isiyonihusu.

Niombe nikiwa kidato cha ngapi?

Nyingi zinataka mwanafunzi aliyebakiza mwaka mmoja wa sekondari, na hapo kalenda zao na zetu zinagongana. Kwa wengi wetu nafasi nzuri ni likizo ya kati ya kidato cha tano na cha sita, kama nilivyofanya. Bado nilirudi shuleni nikiwa nimechelewa, na mkuu wa shule alikuwa ameshatia saini ruhusa tangu Aprili. Usimwombe wiki ya mwisho.

Aliyemaliza kidato cha sita mara nyingi anahesabiwa amevuka. Halafu kuna JKT. Marafiki zangu wengine wako Bulombora hivi sasa wanachapa kwata, na kambi haina likizo ya kiangazi.

Maombi mengi hufunguliwa mwishoni mwa mwaka na kufungwa kati ya Januari na Machi. Wakisema mwisho ni saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani, Januari na Februari kwetu inakuwa saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata. Hilo lilinisaidia, kwa kuwa umeme ulikatika usiku na ukarudi alfajiri.

Nipo bweni, simu hairuhusiwi. Nitaombaje?

Nilikuwa bweni pia. Insha niliiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, nikaichapa likizo ya Desemba kwenye steshenari moja karibu na soko la Mwanga, na barua pepe za programu zilikuwa zinaingia kwa mwalimu wa Kiingereza aliyekubali kunisaidia. Mtafute mwalimu wa namna hiyo kwanza. Anayekupenda lakini hafungui barua pepe hatakufaa.

Kiingereza changu hakijanyooka.

Changu pia. Walichokuwa wanatafuta ni mtu anayeona vitu. Sentensi fupi zilizo sahihi zinatosha, na ukipamba kwa maneno uliyoyaokota kwenye kamusi utajulikana mara moja. Usimpe mtu mwingine akuandikie, wala programu ya kompyuta. Walinihoji kwa video baadaye, na maswali yote yalitoka ndani ya insha yangu.

Insha yako ilihusu nini?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, na wengi wanatarajia nilieleza ndoto zangu. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivyo kweli: tangu utotoni nilipenda kutazama taarifa ya habari, nataka kuwa sauti ya wasio na sauti. Mwalimu aliisoma, akanirudishia, akasema, "Hii nimeshaisoma kwa watu ishirini. Mlikula nini ziwa lilipofungwa?"

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri kupangiwa shule, na mama mdogo anafanya kazi ya kuanika dagaa Katonga. Mwalo ule nimeujua tangu nabebwa mgongoni. Sikuwahi kuuona kimya.

Basi insha ikawa ya kimya hicho. Niliandika kuhusu vichanja tisa ambavyo mama mdogo na majirani zake huvitumia, na jinsi kimoja tu kilivyobaki na kitu juu yake, na kitu chenyewe kilikuwa nguo za mtoto. Niliandika mama mdogo alivyoanza kuuza maandazi na wateja wake wakawa wavuvi wale wale, wanaokopa. Niliandika pia kwamba mzee mmoja mvuvi aliniambia kufunga ni sahihi, angefunga hata yeye, kwa sababu nyavu za siku hizi hazimwachii mtoto wala mama. Yule mzee ndiye aliyeniokoa. Bila yeye ingekuwa insha ya kulalamika.

Kumbuka nilipokuwa naongea nao sikuwa nawaza Marekani. Nilikuwa nimechoka kukaa ndani.

Mlifundishwa nini huko?

Kanuni zenyewe ni zile utakazokuta popote: nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi, jambo zito juu, dogo chini, nukuu ni maneno ya mtu yalivyotoka, huruhusiwi kuyanyoosha. Siku mbili zinatosha kuzikariri. Wiki nne ni za kuzoea kuaibika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa soko la wakulima la Jumamosi. Niliandika "watu wengi walijitokeza kununua nyanya". Mhariri akazungushia neno "wengi", akaandika pembeni: wangapi? Sikuwa nimehesabu. Akanirudisha, kwa miguu, nikasimama mlangoni nusu saa nikichora vijiti kwenye daftari kama mtu anayehesabu magunia ya chumvi ya Uvinza. Tangu siku hiyo nikisikia "wananchi wengi wamefurahishwa" redioni, mkono unatafuta kalamu.

Wiki ya pili niliandika kwamba duka moja la vitabu limefungwa. Nilikuta mlango umefungwa, taa zimezimwa, nikaamini macho yangu. Kumbe mwenyewe alikwenda harusini siku tatu. Habari ilikuwa imeshatoka kwenye gazeti letu dogo la darasa. Nilipewa kazi ya kuandika masahihisho kwa mkono wangu, mistari miwili, na kwenda kumsomea mwenye duka. Alinipa chai. Bado naona aibu.

Halafu kuna siku waliponiuliza natoka wapi. Nikajivuna: natoka Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na pale uliposimama ule mwembe wanaosemekana kukutania chini yake hapako mbali na kwetu. Henry Morton Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, alitumwa kutafuta habari, na kusema kweli hiyo ni moja ya habari zilizovuma kuliko zote za karne ile. Darasa likafurahi. Mwalimu akauliza swali moja: "Yale maneno, 'Dk. Livingstone, nadhani?', nani mwingine aliyeyasikia akayaandika?"

Nikaenda maktaba. Anayeyasimulia ni Stanley mwenyewe. Livingstone aliandika juu ya siku hiyo lakini maneno hayo hakuyaweka. Na kwenye shajara ya Stanley, kurasa zinazohusu mkutano huo zimechanwa. Hata tarehe haikubaliani: Stanley alitaja 10 Novemba, wakati hesabu za Livingstone, ambaye kwa maradhi na safari alikuwa amepoteza siku, zinaangukia mwishoni mwa Oktoba.

Kilichonigusa zaidi ni kingine. Livingstone anaeleza kwamba aliyekuja mbio kumpa taarifa ni Susi, mtumishi wake, akihema: Mwingereza amefika, nimemwona! Kwa hiyo aliyeitoa habari hii kwa mara ya kwanza ni Susi, si Stanley. Na hata Susi aliwahi kabla ya kuhakiki, maana msafara ulikuja na bendera ya Marekani, na Stanley mwenyewe alizaliwa Wales, jirani ya England. Nilicheka peke yangu maktaba. Kosa la Susi na kosa langu la duka la vitabu ni ndugu.

Kwetu mtoto hamhoji mkubwa. Utamuulizaje mtendaji swali gumu baada ya shikamoo?

Hapa walimu wa kule hawakuwa na msaada. Walitufundisha kumkazia mtu macho, kurudia swali, kutoogopa ukimya. Jaribu hivyo kwa mzee wa Mwandiga uone kama utamaliza mahojiano.

Njia yangu, ambayo bado najifunza: salamu zote ziishe kwanza, za nyumbani, za kazi, za afya. Usizikatishe, kwa kuwa humo ndimo mtu anapokupima. Eleza unafanya nini na utayapeleka wapi maneno yake. Anza na maswali ambayo anajivunia kuyajibu. Lile gumu ukifika, liulize kama mtu anayeomba kueleweshwa: "Mzee, hapa mimi sijaelewa, naomba unisaidie. Pesa za kisima zilichangwa mwaka juzi, na kisima hakipo. Imekuwaje?" Hakuna tusi ndani yake, na hakuna pa kupita. Akilikwepa, usibishe. Ongea mengine, kisha lirudie kwa mlango mwingine. Akikataa kabisa, andika kwamba ulimuuliza na hakutaka kujibu. Heshima imebaki, na swali limebaki.

Shikamoo inasaidia kuliko wanavyodhani. Binti mdogo mwenye daftari haogopwi. Watu wananiambia mambo ambayo mwanaume mwenye kamera asingeambiwa, na kwa sababu hiyo huwa nawauliza mara mbili: nitaje jina lako, au nisitaje?

Je, nikimaliza programu mimi ni mwandishi wa habari?

Kwa sheria ya Tanzania, hapana. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inamtaka mwandishi awe na ithibati, na kigezo cha elimu ni kuanzia stashahada ya fani hiyo. Usijitambulishe kwa mtu yeyote kama mwandishi, wala usitengeneze kitambulisho cha kuchapa steshenari. Sema wewe ni mwanafunzi wa shule fulani, unaandikia klabu au ubao wa matangazo wa shule. Kuweka mambo mtandaoni nako kuna sheria zake, ikiwemo ya makosa ya mtandao ya 2015, na picha ya mtoto wa mtu usiitume popote bila ruhusa ya mzazi wake.

Ufadhili unalipa kila kitu?

Soma barua neno kwa neno. "Ufadhili kamili" wa kwangu ulikuwa ada, chumba, chakula na tiketi ya ndege kutoka Dar es Salaam. Haukugusa pasipoti, ambayo ni Sh 150,000, wala ada ya viza iliyokuwa dola 185, wala safari mbili za kwenda Dar, ya kwanza ikiwa ya usaili ubalozini. Treni ni zaidi ya kilomita 1,200, na mama alinifungia migebuka ya kukaanga iliyoishia Itigi.

Pasipoti anza mapema mno. Sisi wa mikoa ya mpakani tunaulizwa maswali ya uraia ambayo mwanafunzi wa Morogoro hayajui, kwa hiyo cheti chako cha kuzaliwa peke yake hakitoshi. Tafuta na vya wazazi.

Kuhusu kuthibitisha kipato: mama mdogo, ambaye kipato chake ndicho nilichotaja, hana hati ya mshahara, anaanika dagaa. Nilipeleka barua ya mtendaji wa mtaa ikieleza kazi yake na wategemezi wake, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Waliikubali bila neno.

Nimepata barua inasema nimechaguliwa, nitume Sh 80,000 ya usajili kwa namba ya simu.

Utapeli. Futa.

Kuna na aina ya kistaarabu zaidi: barua nzuri ya Kiingereza inayokupongeza kwa "kuteuliwa" kwenye programu ambayo hukuiomba, na gharama yake ni maelfu ya dola. Huo si wizi kisheria, ni biashara, ila usiuze ng'ombe.

Mimi ni mzazi. Binti yangu akikaa na watu asiowajua, usalama wake?

Mama yangu aliuliza hivyo hivyo, na swali lake lilikuwa zuri kuliko langu lolote. Aliomba majina ya wasimamizi wa bweni, namba ya simu inayopokelewa usiku, kama wasichana wana jengo lao, na nani atampokea uwanja wa ndege. Waliandika majibu yote. Programu inayokasirishwa na maswali ya mama, mwache binti nyumbani.

Na bahasha?

Nilijua mtaniuliza. Mwenye shughuli akikupa "nauli" baada ya tukio, rudisha kwa adabu. Ni rahisi mimi kusema, bado nakula kwa mama. Waandishi wa mikoani wengi hulipwa kwa habari moja moja, na kiasi chenyewe hakitoshi bodaboda ya kwenda na kurudi. Siwahukumu. Lakini ukianza ukiwa na miaka 17, hutajua tena habari gani uliiandika kwa sababu ni habari.

Nilikataliwa mara mbili. Niache?

Mimi nilikataliwa na nne. Ile insha ya Katonga ilitumwa kwa tano. Haikubadilika hata nukta.

Niko Tabora, hapa hakuna habari kama huko ziwani. Niandike nini?

Ndugu yangu, unakaa mahali reli inapogawanyika, moja inakwenda Mwanza, nyingine inakuja kwetu, na unasema hakuna habari? Nenda stesheni siku ya treni. Kuna mtu anauza asali kwenye chupa za maji. Muulize mzinga uko msitu gani, ni wa gogo au wa kisasa, mwaka huu alirina mara ngapi, na mashamba ya tumbaku yameusogelea msitu kiasi gani tangu aanze kazi. Hesabu chupa anazoshuka nazo na anazorudi nazo. Kisha mtafute mwenye shamba la tumbaku umuulize upande wake, kabla hujaandika chochote.

Ukimaliza nitumie nisome. Nina kalamu nyekundu.